Guu Lililovunjika si Langu

Marehemu baba alituachia shamba lisilo na maji. Tulipokubaliana ndugu kuchimba kisima, usimamizi nilipewa mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa. Siku ya tisa fundi alipanda juu, akajifuta uso, akaniambia: "Mzee, udongo umebadilika. Mchanga unadondoka kabla sijaugusa. Tununue pete za zege kwanza."

Nilimwuliza bei. Aliponitajia nilicheka. Fedha ya ndugu zangu ilikuwa imekaribia kwisha, na ule udongo aliokuwa akiutoa ulikuwa na unyevu. "Umechoka tu," nikamwambia. "Maji hayo yapo karibu." Kesho yake asubuhi alishuka, na kabla ya adhuhuri ukuta ulimwangukia. Tulimtoa akiwa hai, lakini mguu wake ulivunjika mahali pawili.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Pale shambani mkuu ndiye aliyekataa kusikia, na guu lililovunjika halikuwa lake.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwamba sikuwa na nia mbaya. Ni kweli, sikuwa nayo. Udongo ulikuwa ule ule mmoja: mimi niliona maji, yeye aliona kaburi. Kipendacho roho hula nyama mbichi, na roho yangu ilipenda maji. Basi swali linalonisumbua ni hili: je, mtu aliyejidanganya mwenyewe ana hatia?

Ndugu msomaji, usidhani kwamba huu ni ujinga wa sisi wachimbaji wa majembe. Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Meksiko, mtambo ulioitwa Deepwater Horizon ulikuwa ukimalizia kisima cha mafuta cha kampuni ya BP, mahali penye kina cha maji cha kiasi cha mita 1,500. Kazi ilikuwa imechelewa kwa majuma kadhaa na gharama zimepita makadirio. Siku hiyo hiyo wakubwa walifika mtamboni, na miongoni mwa mambo yaliyowaleta ni kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka 7 bila ajali kubwa ya kumtoa mtu kazini.

Jioni walipima kama kisima kimezibika. Walipunguza shinikizo ndani yake. Kama saruji ilikuwa imeshika, shinikizo lingebaki sifuri. Katika bomba la kuchimbia lilipanda tena hadi ratili 1,400 kwa inchi ya mraba. Katika bomba jingine, jembamba, hapakuonekana kitu. Mkanganyiko huo ulikuwa sababu ya kusimama. Badala yake ilipatikana hoja ya kuuelezea: kwamba ni uzito wa tope la kuchimbia tu unaosukuma. Wakalichagua bomba lililowapa jibu walilokuwa wakilingoja. Kiasi cha saa mbili baadaye gesi ilifika juu na kulipuka. Watu 11 walikufa, na mafuta yakamwagika baharini kwa siku 87. Mwaka 2012 BP yenyewe ilikubali kukiri makosa ya jinai mbele ya sheria ya Marekani, yakiwamo ya vifo hivyo.

Watu wale walikuwa mafundi wa miaka mingi, tena hawakutaka kufa. Elimu yao haikuwaokoa, maana elimu ndiyo iliyowapa ufasaha wa kuielezea dalili mbaya hadi ikawa nzuri. Daniel Kahneman na Amos Tversky walikwisha kuonyesha mwaka 1974 kwamba makosa ya watu katika kukadiria mambo hufuata mkondo unaojulikana, na hata wataalamu wamo.

Na hapo ndipo ninapopata jibu la swali langu. Kudanganywa na tamaa si dhambi; ni ubinadamu. Lakini mtu anayejua kwamba jicho lake hupinda, na bado akalifanya kuwa shahidi wa pekee, huyo ana hatia. Mimi nilikuwa na jicho la pili, tena lililokuwa chini shimoni, nikalifumba kwa kicheko.

Tiba zipo, na si za gharama. Mwanasaikolojia Gary Klein alieleza mwaka 2007 njia moja: kabla ya kuanza, kila mtu aambiwe kwamba mradi umekwisha kuharibika, kisha aandike sababu. Hapo mwenye wasiwasi haonekani tena mkorofi. Ametumwa kuutafuta ubaya. Pili, kipimo cha kusimamisha kazi kiandikwe kabla ya kupima, wakati bado moyo haujaona jibu. Tatu, mdogo aseme kwanza, kwani mkubwa akishasema, wengine huitikia tu.

Mtu ataniuliza: tukisikiliza kila hofu, kisima gani kitachimbwa? Ni hoja ya haki. Kuchimba ni kubahatisha, na mwoga hanywi maji. Lakini kuna kukosea kunakotia hasara mfukoni mwa aliyeamua, na kuna kukosea kunakolipwa na aliye chini. Kwa la kwanza, mtu na ajasiri apendavyo. Kwa la pili hana haki ya kuwa jasiri kwa mguu wa mwenzake.

Yule fundi anatembea, ila anachechemea. Tulipoanza kuchimba upya, safari hii kwa pete za zege, nilimwita yeye asimamie. Kabla hatujapatana bei nilimwomba aniambie, mbele ya vijana wake, ni dalili zipi zitakazomfanya akatae mtu kushuka. Alitaja tatu. Niliziandika kwenye karatasi, nikatia sahihi yangu chini, kisha nikampa yeye aitunze, kwa kuwa najijua.