Nyuki Asiye na Mwenyewe Ana Haki Gani?

Katika vitabu vya fiqhi ya Kishafii, kwenye mlango wa matumizi ambamo tunasoma haki za mke, watoto na wazazi, mna mas'ala moja ambayo wengi huipita haraka. Mwenye mzinga akivuna asali, ni juu yake kuwabakishia nyuki kiasi wanachohitaji ikiwa hawana chakula kingine. Naye Imamu Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), aliandika kwamba mnyama hulishwa hata akizeeka au akiugua asimfae tena mwenyewe.

Hukumu hizi zinamhusu mwenye mali. Je, nyuki wa porini, asiyefugwa na yeyote, anatudai chochote?

Hapa Rumonge swali hili si la darasani tu. Tunaishi kwa michikichi. Zamani iliaminika kwamba upepo ndio unaoichavusha, mpaka mwaka 1981 Malaysia ilipopeleka mashambani mwake mbawakawa mdogo wa Kameruni, mavuno yakaongezeka. Mawese yetu nayo ni kazi ya wadudu wasioshukuriwa. Lakini mbawakawa huyo hula na kuzaliana katika maua dume ya mchikichi. Shamba lenyewe linamlisha. Nyuki huokota chavua humo, ila maji matamu ya kutengenezea asali hayapati. Nasi maboga yetu hayazai bila yeye.

Katika Surat an-Nahl, aya ya 68 na 69, Mola alimfunulia nyuki ajenge milimani, mitini na katika wanavyojenga watu, kisha ale katika kila matunda. Basi ruhusa ya nyuki kula ilitoka kwa Mwenye ardhi kabla sisi hatujagawana viwanja.

Ndiyo maana naona tutenganishe mambo mawili. Kupanda ili viumbe wale ni ihsani: Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas kwamba anachokula ndege, mtu au mnyama katika mmea wa Muislamu ni sadaka yake. Lakini kufyeka mpaka ua la mwisho, bila haja, si kuacha sadaka tu. Ni kumkatia mwingine riziki, na kanuni ya kutodhuru inatugusa hapo.

Mtu atasema: kiwanja ni kidogo, watoto wanataka maharagwe, na kichaka huficha nyoka. Ni kweli, na haja ya mtu hutangulia. Ila kando ya uzio hatupandi maharagwe. Hapo umubirizi unatosha, ambao wazee wetu wanautumia kama dawa na maua yake meupe hujaa nyuki. Pembeni yake weka kivumbasi na mshubiri. Hii ni mimea ya kwetu, inayoishi miaka mingi. Mizizi yake inavumilia kiangazi, wakati mazao ya msimu yameshang'olewa na nyuki bado ana njaa. Ikipunguzwa vizuri, nyoka hapati pa kujificha.

Tumezoea kuhesabu usafi wa ua kwa udongo mtupu uliofagiliwa. Usafi ni katika imani, lakini sijaona dalili kwamba ua la porini ni najisi.

Wallahu a'lam.