Ushahidi wa Jirani

Je, habari ya jirani ni elimu au ni dhana? Katika kampaundi ya bariamu, chuma na aseniki, iliyopangika tabaka juu ya tabaka, usumaku ni wa chuma. Walakini mtaalamu hukiuliza kiini cha aseniki. Hukitia katika uga wa sumaku uliosimama wima juu ya tabaka, akakipigia mawimbi ya redio, nacho kikaitika. Chini ya kelvini 140 hivi kila mstari wa mwitiko hupasuka ukawa miwili: chuma kimejipanga. Shahidi huyu ni mnyonge, usumaku wake haufiki sehemu moja ya elfu ya ule wa elektroni. Na kwa unyonge huo hamtikisi jirani yake. Lakini lau nguvu za chuma zingalibatilishana pale alipo, angalisema kweli kwamba hasikii kitu, na msikilizaji angalikosea.