Sura ya Mhusika ni ya Nani?

Swali ninalotaka kulijadili hapa si geni, ingawa mara nyingi husemwa kama lalamiko kuliko kuulizwa kama swali. Mtu amesoma kitabu akakipenda. Baadaye kitabu hicho kikafanywa filamu. Naye akatoka ukumbini akinung'unika kwamba yule aliyeonyeshwa siye. Husema hivyo kwa yakini ya mtu aliyeletewa mgeni akaambiwa huyu ni ndugu yako wa tumbo moja. Lakini ukimbana akueleze huyo wa kwake alikuwa na pua ya namna gani, au alichana nywele upande upi, atababaika. Alijuaje basi kwamba siye?

Mimi ni mtumishi wa Serikali. Mchana wangu ni wa mafaili na barua, na ushairi nimeuachia jioni. Naishi Chitete, yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba katika Mkoa wa Songwe, na bahari iko mbali nasi kwa mamia ya kilomita. Nalitaja jambo hili kwa sababu linahusu hoja yangu. Mwaka 2011 binti yangu alikuwa kidato cha tano, akaja likizo na riwaya ya Shafi Adam Shafi iitwayo Vuta N'kuvute, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Elimu yangu iliishia kidato cha nne, kwa hiyo kila kitabu alichokuja nacho nilikichukua kama mtu anayedai deni lake. Hicho nilikisoma kwa jioni tano, kwa taa, na binti akilalamika kwamba namchelewesha kazi zake za shule.

Ndugu msomaji aliyekisoma anajua habari zake. Ni Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mwanamume mzee mwenye duka, anamkimbia mumewe na kwenda Ng'ambo kwa shoga yake Mwajuma. Huko anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi akarudi na fikra za kuuondoa ukoloni, ambaye polisi wanamwinda kwa sababu ya magazeti na maandishi yaliyopigwa marufuku. Mwandishi ametuchorea uso wa Yasmin mwanzoni kabisa mwa kitabu, tena kwa tashibiha za jikoni na za bustanini. Na bado, nakiri, Yasmin niliyemwona mimi hakuwa wake. Alikuwa binti wa duka la vitambaa mjini Mbeya, niliyemwona mara mbili au tatu nilipokuwa mwanafunzi, na ambaye hata jina lake sikulijua. Vichochoro vya Mji Mkongwe nilivijenga kwa vile vya Tunduma, vilivyo baina ya maduka, ambamo watu wa kwetu na wa Nakonde hupishana bila kuulizana uraia. Bahari niliichota Ziwa Rukwa, nikaiongezea upana.

Basi tashibiha yenyewe ndiyo inayotufundisha jambo. Mwandishi akikwambia uso fulani ulikuwa kama tunda fulani, hakupi uso. Anakutuma ukalitafute tunda hilo nyumbani kwako. Wasomaji elfu wataleta matunda elfu. Ndivyo zilivyokuwa hadithi za bibi zetu pia: watoto sita tulioota moto mmoja tulilisikia zimwi moja kwa maneno yale yale, na kila mmoja akaenda kulala na zimwi lake. Hakuna aliyemwambia mwenziwe kwamba zimwi lako siyo.

Denge naye nilimpa uso wa kaka yangu.

Kaka alifariki mwaka 1989 kwa malaria, akiwa kijana, na hakuacha picha hata moja. Alikuwa msemaji, alipenda kubishana na wakubwa kuhusu mambo ya dunia, akisoma kila kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi au sukari. Sikukusudia kumtia kitabuni. Denge alipotokea tu, akaanza kusema, kaka alikuwa ameshasimama pale, mrefu, mabega yamelala kidogo, kidole kimoja hewani. Kwa miaka kumi baada ya hapo, kila nilipotaka kumwona ndugu yangu nilikifungua kitabu cha Mzanzibari ambaye hakupata kumsikia.

Mwaka 2021 Amil Shivji alikamilisha filamu ya Vuta N'kuvute, ikaonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto, nchini Kanada, mwezi Septemba mwaka huo, na Tanzania ikaipeleka kushindania tuzo za Oscar. Tangu Maangamizi ya mwaka 2001 nchi yetu haikuwa imepeleka nyingine. Ni filamu ya Kiswahili, iliyopigwa Zanzibar kwenyewe, na fahari niliyokuwa nayo haikuwa ndogo. Nilibahatika kuiona Dar es Salaam nilipokwenda kwa shughuli za ofisi, nikiwa na binti yangu ambaye sasa ana kazi yake huko.

Nitasema kwanza yaliyo haki ya filamu hiyo, maana wasomaji wa vitabu tuna tabia ya kuhukumu kabla ya kutazama. Mwajuma ameigizwa na Siti Amina, mwimbaji halisi wa taarab, na anapoimba nilifahamu kwamba kwa miaka kumi nilikuwa nimesoma habari za muziki bila muziki. Kitabu kinaweza kuniambia kwamba watu walicheza na kuimba hadi usiku wa manane, lakini mimi wa Momba ningeutoa wapi mlio wa zeze na qanuni? Nilikuwa nimewapigia ngoma za kwetu. Pia niliona mwanga wa pale, kuta zilizoliwa na chumvi, na maji ambayo hayakufanana kabisa na ya Rukwa. Unguja yangu ilikuwa ya uongo, nami sioni sababu ya kuulilia uongo huo. Binti yangu alitoka ukumbini amefurahi, akasema, "Baba, sasa ndiyo nimewaona." Kwake yeye Yasmin alikuwa jina la kukariri kwa ajili ya mtihani, filamu ndiyo iliyompa damu.

Mimi sikumjibu. Kijana aliyemwigiza Denge, Gudrun Columbus Mwanyika, aliifanya kazi yake vizuri sana, na hilo ndilo lililonidhuru. Angeigiza vibaya ningemsahau. Niliporudi Chitete nikakifungua kitabu mahali nilipozoea, aliyesimama pale alikuwa yeye. Nilijaribu jioni ile na iliyofuata. Kaka hakuja.

Sasa, je, nimedhulumiwa? Na kama nimedhulumiwa, ni na nani? Hapa ndipo fikra zinapopaswa kwenda polepole. Mtengenezaji wa filamu hakunijua, wala hakuweza kupiga picha ya Denge asiye na uso. Kalamu inaweza kunyamaza kuhusu pua ya mtu kwa kurasa mia tatu, lakini kamera haina uwezo huo; ikimwonyesha mtu lazima imwonyeshe mzima, na mtu mzima ni mmoja tu. Tena filamu ya saa moja na nusu haiwezi kubeba kila kilichomo katika riwaya ya jioni tano, ndiyo maana waliiegemeza kwenye mapenzi ya Denge na Yasmin na harakati za uhuru. Na nikijiuliza kwa haki, mtu wa kwanza kuibadili kazi ya Shafi alikuwa mimi. Nilimchukua mtu wake nikamvika sura ya Mnyamwanga wa Momba, bila idhini ya mwandishi wala ya marehemu.

Najua pia ladha ya upande wa pili. Niliwahi kuandika shairi la kupokea Mwenge, likapewa kwaya, nao wakaliimba kwa mahadhi ya haraka yaliyozivunja mizani zangu zote. Nilinuna wiki nzima. Watu waliokuwepo walilipenda, na wapo wanaoliimba hadi leo kwa mahadhi yale mabaya.

Kwa hiyo sidhani kwamba kubadilika kwa sura ni dhuluma. Dhuluma ipo, ila iko mahali pengine, na mfano wake tunao wa zamani. Wazee wetu wengi, na hata sisi tuliokuta nakala zilizochakaa kabatini, tulisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929 ya kitabu cha Rider Haggard cha mwaka 1885. Ni kitabu cha mtu wa dola, na kasoro zake ni nyingi. Lakini ndani yake yumo Foulata, msichana Mwafrika anayempenda Good, Mzungu wa meli, akamuuguza, na akafa kwa kupambana na kikongwe Gagool pangoni. Mwaka 1950 Wamarekani walikuja kuitengeneza filamu yake huku kwetu Afrika Mashariki. Niliitazama nikiwa mtu mzima, nikimngoja Foulata. Hakuja. Mahali pa Sir Henry anayemtafuta ndugu yake pamewekwa bibi wa Kizungu anayemtafuta mumewe, na mapenzi yote ya hadithi ni ya bibi huyo na Quatermain. Umbopa mrefu wa Kitutsi aliyeonekana humo alinipendeza, ingawa hakufanana na wangu; sikuwa na ugomvi naye. Foulata hakubadilishwa sura. Alifutwa, na aliyeiona filamu peke yake hatajua kwamba aliwahi kuwapo.

Vivyo hivyo Shamba la Wanyama, aliyoifasiri Fortunatus Kawegere mwaka 1967. Kitabuni wanyama wanabaki dirishani wakitazama, wasiweze kutofautisha nguruwe na watu. Katika filamu ya katuni ya mwaka 1954, ambayo idara ya ujasusi ya Marekani iliigharimia kwa siri, wanyama wanaasi mara ya pili na kuwaangusha nguruwe. Nguruwe wa filamu wamechorwa vizuri kuliko wangu. Ila swali gumu alilotuachia mwandishi wamelijibu kwa niaba yetu, na kwa faida yao.

Hapo naona mpaka, japo sina hakika kama unashika kila mahali. Anayenipa uso mwingine ananinyima nilichokileta mwenyewe kitabuni. Anayemwondoa mtu, au anayeugeuza mwisho, anatunyima wote kile alichokileta mwandishi. Filamu ya Shivji haikufanya dhambi hii ya pili. Iliniondolea kilichokuwa changu peke yangu, na sijui ni mahakama ipi ingepokea shtaka la namna hiyo.

Kuna jambo moja zaidi, nalo limenisumbua kuliko filamu yenyewe. Mwaka jana nilikwenda Kamsamba kumtembelea dada yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu. Nikamwomba anieleze kaka alivyokuwa, nikidhani nitaokoteza kwake kilichonipotea. Alifikiri kwa muda, mikono imo katika ungo wa mchele. Akasema kaka alikuwa mfupi, mfupi kuliko mimi, na mabega yake yalikuwa ya mtu wa jembe. Nikambishia. Nikamwambia alikuwa mrefu, akiinamisha kichwa kuingia mlangoni kwa mama. Dada akanitazama kwa huruma, akasema aliyekuwa akiinama mlangoni ni baba mdogo. Kaka alipita wima mpaka siku tuliyomtoa.