Islahi Iliyomo Miilini Mwetu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu, mwenye kunakili msahafu kwa mkono, kama walivyofanya wazee wetu wa Siyu, haridhiki kwa kuandika tu. Hurejea akalinganisha nakala na asili, akasahihisha palipopotoka.

Basi jueni kuwa kazi mfano wa hiyo yafanyika miilini mwetu saa hii. Ndani ya chembe zetu imo hati iitwayo DNA, nusu tumeirithi kwa baba na nusu kwa mama, na kila nusu ina jozi za herufi zipatazo bilioni 3. Herufi zenyewe ni nne tu, na kila moja ina mwenziwe maalumu. Chembe itakapo kugawanyika, nyuzi mbili za hati huachana, na kila uzi wa zamani ukawa kiolezo cha uzi mpya. Kimeng'enya kinachonakili hukosea takriban mara 1 katika herufi 100,000. Lakini hurudi nyuma, kikaifuta herufi mbaya, kikaandika iliyo sahihi. Kosa likipita, huja wakaguzi wengine, wakakata kipande cha uzi mpya, kikaandikwa tena kwa kufuata ule wa zamani. Mwisho hubaki kosa kama 1 katika herufi bilioni.

Hata hati isiyonakiliwa huharibika, kwa jua na kwa moshi. Profesa Aziz Sancar, mzaliwa wa Savur, Uturuki, alieleza jinsi chembe ikatavyo kipande kilichoharibiwa na jua na kukijaza upya. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich.

Ndugu zangu, Mola ametutilia mafundi hawa, nasi twawalemea kwa mikono yetu. Mvuta sigara na mtafuna tambuu na tumbaku huzidisha uharibifu kuliko wawezavyo kutengeneza. Makosa yakirundikana, chembe huzaana bila mpaka, na hiyo ndiyo saratani. Kuiita uchawi au kijicho ni ujinga unaoua. Mwenye kidonda kinywani kisichopona kwa wiki tatu asipoteze siku kwa mpiga ramli; na aende hospitali mapema. Tawakali haimwondolei mtu wajibu wa kutafuta dawa.

Kosa halikosi kutokea. Lenye kuangamiza ni kosa lililoachwa. Chembe isiyoonekana kwa macho haingoji kesho kulitengeneza lake. Je, sisi tuliopewa akili twangoja nini?

Mola atupe taufiki. Amin.