Mlango wa Ibada, Mlango wa Mtihani

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, nilipewa kazi ya kusimama mlangoni. Chuo chetu kilikuwa cha Kikristo, na kilikuwa na mpango wa kuwasaidia wanafunzi wasiojiweza: unafanya kazi saa kadhaa kwa wiki, unapunguziwa karo. Wengine walipanga vitabu maktabani, wengine walipiga deki. Mimi, wiki ya mitihani, nilikabidhiwa orodha. Jina lako likiwemo, umemaliza karo, ingia. Lisipokuwemo, rudi ofisi ya fedha.

Jumatatu asubuhi alikuja msichana tuliyeimba naye kwaya. Alhamisi iliyotangulia tulikuwa tumesimama kwenye ibada ya chuo, yeye sauti ya pili, mimi besi, na kiongozi wetu akahubiri kuhusu Yesu kuwaosha wanafunzi wake miguu. Yalikuwa mahubiri mazuri kweli, kuna waliolia. Sasa huyu hapa mbele yangu, kalamu mbili mkononi, na jina lake halimo.

"Aki, si unanijua," akasema.

"Nakujua. Lakini jina halimo."

Hakubishana. Aligeuka akaenda. Nikamwita aliyefuata.

Ibada, kwetu, ilikuwa lazima. Tulitia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, na ukikosa mara nyingi unaandikiwa barua. Kwa hivyo chuo kilikuwa na milango miwili: wa ibada, ambao hukuweza kuukwepa, na wa mtihani, ambao hukuweza kuupita bila pesa. Miaka imepita na bado najiuliza kama milango hiyo ilikuwa ya nyumba moja. Lile neno "Kikristo" kwenye ubao wa getini lilikuwa linaahidi nini hasa?

Jibu rahisi ni kusema "wanafiki hao" na kuendelea na maisha. Nililitumia jibu hilo muda mrefu. Shida yake ni kwamba halijui hesabu.

Chuo cha kibinafsi kinakula karo. Karo ya msichana yule ndiyo mshahara wa mhadhiri wake, ndiyo stima ya maabara, ndiyo malipo ya mama anayefagia ukumbi kabla mtihani haujaanza. Na karo yenyewe imekuwa ngumu kupatikana. Mwaka 2015, watahiniwa takriban 169,000 walipata C+ au zaidi kwenye KCSE, alama inayomfungulia mtu mlango wa chuo kikuu. Mwaka 2016, serikali ilipokaza kamba dhidi ya wizi wa mitihani, wakashuka hadi takriban 89,000. Ghafla vyuo vya umma vilikuwa na nafasi za kutosha, na wale waliokuwa wakijilipia kwingine wakapungua. Mwaka huohuo serikali ikaanza kupeleka wanafunzi inaowafadhili katika vyuo vya kibinafsi, vikiwemo vya makanisa, navyo vikawapokea kwa mikono miwili. Madarasa yakajaa, malipo yakachelewa, deni likafika mabilioni ya shilingi. Kisha 2023 ukaja mfumo mpya wa ufadhili. Ruzuku ya serikali ikaelekezwa vyuo vya umma. Mwanafunzi mpya anayechagua cha kibinafsi akaachiwa mkopo wa HELB na mfuko wa mzazi.

Kwa hivyo anayeongoza chuo kama hicho hakai ofisini akipanga jinsi ya kuwanyima watoto wa watu mtihani. Anakaa akitazama mishahara ya mwezi jana ambayo haijalipwa. Akimruhusu kila asiyelipa, yule mama wa ufagio atarudi nyumbani mikono mitupu. Naye pia ni jirani. Naye pia ana mtoto anayefukuzwa shule kwa sababu ya karo. Rehema ninayoitoa kwa kutumia mshahara wako si rehema, ni ukarimu wa mfuko wa mwenzangu.

Basi siulizi tena kwa nini walitoza karo. Nauliza hivi: mzigo ukizidi, nani anaubeba kwanza? Na nani anaruhusiwa kujua uzito wake?

Hebu turudi nyuma kidogo, hadi pwani. Chuo Kikuu cha St. Paul's kilichoko Limuru kilianza mwaka 1903 huko Frere Town, Mombasa, kama shule ya kuwaandaa wahubiri. Frere Town yenyewe ilianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Ukipanda matatu ya Nyali leo unaweza kushuka Kengeleni, pahali palipopata jina kutokana na kengele iliyogongwa kuwaonya wakazi kwamba hatari inakuja.

Ni hadithi tamu, na wengi wetu huisimulia tukaishia hapo. Lakini katika miaka ya mwanzo, wasimamizi wa Frere Town walilaumiwa kwa kuwachapa viboko wakazi wake. Fikiria: mtu ametolewa kwenye minyororo, anafika kwa watu wa Mungu, anakutana na kiboko. Sidhani waliochapa walijiona waovu. Walijiona wanalinda nidhamu, wanailinda kazi ya Bwana isiharibike.

Hapo ndipo ninapoiona hatari inayoiandama taasisi ya dini kuliko taasisi nyingine. Ukishaamini kwamba kazi yenyewe ni takatifu, kila unachokifanya ili kuilinda kinaanza kuonekana kitakatifu pia. Duka likikufungia mlango, linakwambia ni biashara. Chuo cha Kikristo kikikufungia mlango, kuna hatari kikakwambia ni mapenzi ya Mungu, na wewe mwenyewe ukaamini.

Woga huwa unafuata. Mhadhiri ambaye hajalipwa miezi mitatu katika chuo cha kawaida anagoma, na watu wanamwelewa. Kwetu aliambiwa aombe kwanza. Mwanafunzi aliyeuliza pesa za jengo jipya zimetoka wapi aliambiwa ana roho ya uasi. Vyuo vingi vya namna hii vina kanisa mdhamini, na sauti ya kanisa hilo ni nzito katika kuchagua wanaokaa barazani na anayekalia kiti kikubwa. Basi anayepaswa kumkosoa kiongozi ni ndugu yake wa ibada, labda mchungaji wake, labda mtu aliyemwekea mikono. Kiongozi akishaitwa mpakwa mafuta, kumuuliza risiti kunageuka kuwa dhambi. Heshima ikifika hapo, anapoteza kitu anachokihitaji kuliko hata pesa: mtu wa kumwambia hatari inakuja. Kengele ipo, lakini hakuna anayethubutu kuigonga.

Najua utasema, kwani vyuo vya umma havizuii watu mitihani? Vinazuia, tena sana. Lakini havikutuambia Alhamisi kwamba mkubwa ni yule anayewatumikia wenzake. Ukijichagulia kipimo, utapimwa nacho. Hakuna aliyelazimisha chuo chochote kujiita cha Kikristo. Na jina hilo lina faida zake: mzazi kule kijijini anauza ng'ombe ampeleke binti yake huko badala ya kwingine, kwa kuwa anaamini ataangaliwa.

Kuangaliwa. Labda neno hilo ndilo jambo lote. Daftari la ibada lilijua kila Alhamisi niliyokosa. Ofisi ya fedha ilijua salio langu hadi shilingi ya mwisho. Kiongozi wa wanafunzi, kasisi, mshauri wa masomo, wote walijua jina langu. Lakini sikumbuki siku ambayo wenye daftari na wenye hesabu waliketi meza moja wakaulizana: huyu anayeimba kila wiki, mbona hajalipa? Kuna nini kwao? Salio linaonekana tangu wiki ya kwanza ya muhula. Kungoja hadi asubuhi ya mtihani ni uamuzi, hata kama hakuna aliyeuandika popote. Asubuhi ile mzazi huuza chochote kwa bei yoyote, na ofisi ya fedha inalijua hilo.

Sisemi karo ifutwe. Mkono mtupu haulambwi, na chuo kilichofungwa hakimsomeshi yeyote. Nasema mambo matatu tu. La kwanza, watu waambiwe ukweli. Chuo kikiwa na deni, wanaofundisha na wanaosoma wajue ni kiasi gani na limetoka wapi, kabla halijawafikia kwa njia ya mlango uliofungwa. La pili, kupunguza kuanzie juu. Posho za vikao, mafuta ya gari kubwa, safari za makongamano, hizo ziguswe kabla ya mshahara wa mama wa ufagio na kabla ya kalamu mbili za msichana yule. Kuosha miguu si mfano mtamu wa mahubiri tu. Ni mtu kuinama, na aliyeinama huonekana na kila mtu.

La tatu ndilo linaloniuma. Kama kweli kuna mtu wa kurudishwa, basi anayemrudisha awe na uwezo wa kumruhusu. Asimame yeye mwenyewe mlangoni. Amwangalie usoni, asikie "si unanijua," halafu aamue. Huenda bado atasema hapana, na huenda hapana hiyo itakuwa ya haki. Lakini itakuwa yake, na usiku atalala nayo. Kwetu ilipangwa vingine. Uamuzi ulifanywa juu, kwenye chumba chenye zulia, kisha ukakabidhiwa mwanafunzi maskini aumalizie mwanafunzi maskini mwenzake. Mimi sikuwa na mamlaka ya kusema ndiyo. Walionipa orodha hawakuwa na haja ya kuona uso. Kati yetu, hakuna aliyemrudisha. Alirudishwa na karatasi.

Na mimi siwezi kujitoa. Kila saa niliyosimama pale ilipunguzwa kwenye karo yangu. Kwa hesabu kali, nililipiwa kumfungia. Ningeweza kuondoka mlangoni dakika tano niende kumtafuta kasisi. Ningeweza hata kumuuliza anadaiwa ngapi. Nilisema jina halimo, sentensi ambayo haina mtu ndani yake, na ilinipendeza kwa sababu hiyohiyo. Uongozi mbaya haukai juu peke yake. Unateremka hadi kwa yeyote anayekubali kushika orodha bila kuuliza.

Alirudi mwaka uliofuata, akarudia muhula mzima. Siku moja baada ya mazoezi ya kwaya nilipata ujasiri nikamuuliza salio lake lilikuwa ngapi asubuhi ile.

"Elfu kumi na moja," akasema.

Kwaya yetu ilikuwa na watu 40. Nilipiga hesabu palepale kichwani: shilingi 275 kila mtu, nauli ya kwenda na kurudi mjini. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha ajabu. "Kwani nani aliniuliza?"