Ruthu Hakumkemea Naomi
Neno: Ruthu 1:19-22, 2:17-18



Tangu mama alipolala katika Bwana, baba hataki maombi mezani. Nikianza tu, ananiuliza, "Huyo Mungu wako alikuwa wapi?" Swali hilo wengi wetu Garissa tunalijua, hasa tangu tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa pale chuoni.

Naomi naye alizika mume na wana wawili. Aliporudi Bethlehemu alisema wamwite Mara, kwa kuwa Mwenyezi amemtenda machungu. Ruthu alikuwa hapo hapo, akasikia. Hakumkemea, wala hakumhubiria. Alienda shambani kuokota shayiri, na jioni akamletea mama mkwe chakula alichombakizia.

Mpendwa, Mungu hakuyafuta maneno ya Naomi. Yamo kwenye Biblia mpaka leo. Basi hata uchungu wa baba haumshtui. Mimi naombea chumbani, halafu nampelekea baba chai. Akinuna, nakaa naye tu.

Naomi alijiona amerudi mikono mitupu, kumbe mavuno ndiyo yalikuwa yanaanza.

Wiki hii, keti na mwenye uchungu nyumbani kwako. Amina.