Je, Yafaa Kuficha Gharama ya Barabara?

Twataka kuwaza pamoja nanyi jambo moja ambalo watu wa Kasongo na Kabambare wanalijua kwa miguu yao. Mkulima wa huku ana mpunga, ana mihogo, ana mawese. Lakini mvua ikinyesha, lori lakwama matopeni, na mzigo wasukumwa kwa baiskeli siku nyingi. Mara kwa mara husikia kwamba barabara itatengenezwa, fedha zimehesabiwa, siku imewekwa. Siku hiyo hupita, na matope ni yale yale. Basi twauliza: gharama inayotangazwa kabla ya kazi kuanza ni kitu gani? Ni makisio tu yasiyomfunga mtu, au ni ahadi?

Tutazame kwanza mambo yaliyopita. Mwaka 1890 ilianza kazi ya reli kutoka Matadi kwenda Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Wenye kampuni walikadiria miaka 4 na faranga milioni 25. Kazi ilikwisha mwaka 1898, baada ya miaka 8, na gharama ilipita milioni 60. Hesabu rasmi ilitaja Waafrika na Waasia 1,800 waliokufa kazini, pamoja na Wazungu 132. Hakuna faranga iwezayo kulipa deni hilo.

Mtu atasema: hayo ni ya zamani, watu walikuwa hawajazoea kazi hizo. Haya, tusikie ya siku zetu. Mwaka 2002 Bent Flyvbjerg, mwalimu wa chuo kikuu huko Denmark, na wenzake walitoa uchunguzi wa kazi 258 za reli, madaraja, barabara na njia zilizochimbwa chini ya ardhi, katika nchi 20. Kazi 9 katika kila 10 zilipita gharama iliyotajwa. Reli zilizidi kwa wastani wa 45 kwa mia, na barabara 20 kwa mia. Tena, katika miaka 70 waliyoichunguza, kosa hilo halikupungua.

Hapo yafaa tutulie kidogo. Mizani ya mnunuzi wa mpunga ikikosea leo kwa faida yake na kesho kwa hasara yake, twasema mizani ni mbovu. Lakini ikikosea kila siku upande wake yeye tu, hatusemi tena kwamba ni mbovu. Twamtazama mwenye mizani. Mtu akosaye kwa kutojua hukosea huku na huku, na miaka ikipita hujifunza. Kosa lisiloonja upande wa pili, wala kujifunza, lina mwenyewe. Hatusemi kwamba kila fundi aliyechelewa ni mwongo. Mafuriko huja, vita huja, bei ya saruji hupanda. Twasema tu kwamba mara nyingi gharama ndogo hutajwa kusudi, ili kazi ikubaliwe.

Wako watu wema wanaotetea jambo hilo. Husema: kama wakubwa wangaliambiwa gharama ya kweli, wangalikataa, na reli isingalikuwapo. Mwaka 1967 Albert Hirschman, mtaalamu wa uchumi, aliandika kwamba kutojua shida zinazokuja huweza kuwa msaada: mtu angalizijua zote asingalianza, lakini akiisha kuanza akili yake huamka, naye hupata njia asiyoitazamia.

Neno hilo lina ukweli wake. Lakini kutojua ni kitu kimoja, na kuficha ni kingine. Anayeficha amejua; amewafunga macho wengine tu. Tena gharama iliyofichwa haipotei, yahamishiwa mwingine. Fedha zilizoongezwa kwa barabara moja zimetolewa mahali: pengine ni zile ambazo zingaliweka madaraja imara kati ya Kasongo na Kabambare. Watu wa huku hawakuulizwa kama wamekubali kungoja. Aliyeficha gharama amewaibia haki ya kuchagua, hata kama barabara yake ni nzuri.

Katika Injili ya Luka twasoma mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa kuketi kwanza na kuhesabu, asije akachekwa kwa kuacha msingi mtupu. Mtu yule hujenga kwa mali yake, na aibu yamrudia mwenyewe. Mwenye kujenga barabara ya taifa hujenga kwa mali ya wote. Akishindwa, yeye huondoka; hasara yabaki kwa mama mwenye mimba ambaye hakufika hospitali. Kwa hiyo wajibu wake wa kuhesabu kwa kweli ni mzito kuliko ule wa mwenye mnara.

Wala tusidhani kwamba kuchelewa hakuepukiki. Reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi huko Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikamalizika kabla ya siku iliyopangwa. Lakini ilikusudiwa kuchukua tani milioni 2 kila mwaka, na kiasi hicho haikukifikia kamwe. Hivyo twaona kwamba ahadi ni tatu: gharama, siku, na faida. Na ya tatu hudai utunzaji. Sisi wenyewe twaijua reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyomalizika karibu na mwaka 1911, ambayo watu wa Kasongo huifuata Samba. Reli ipo, lakini siku hizi gari la moshi ni la kungojewa.

Basi tufanye nini? Kwanza, kabla ya kutaja gharama, tuulize kazi kama hiyo iliwagharimu wengine kiasi gani, tusitegemee tumaini letu tu. Pili, tuseme wazi pale tusipo na hakika. Tatu, tuweke akiba ya kutunza. Nne, gharama na siku viandikwe mahali pa kazi, kila mtu avisome na kuuliza.

Hayo si ya wakubwa peke yao. Kamati ya kijiji inayojenga daraja la miti, ikijua kwamba magogo 40 yatahitajiwa, isiwaambie watu 20 ili wasikimbie kazi. Watakuja, ndiyo. Lakini siku nyingine wakiitwa, hawataamini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nasi huku twahitaji njia ndefu, itakayofika mpaka Kabambare.